Mama anarudi mtoni, nami nasoma Al-Inkishafi

Mama amepata nyumba. Alinipigia simu Jumapili baada ya kanisa, sauti imejaa furaha kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Chumba kimoja cha mabati, Bondeni, elfu mbili kwa mwezi, stima iko, choo si mbali. Nikamuuliza swali moja tu: mto uko umbali gani? Akanyamaza kidogo.

"Hapo tu chini," akasema.

Kama wewe ni wa Mathare, "hapo tu chini" unaijua. Kama si wa Mathare, acha nikuchoree. Sisi tuko kwenye bonde lililokuwa machimbo ya mawe, juu yetu Barabara ya Juja upande mmoja, upande wa pili Thika Road, na katikati mto unaopita ukiwa mweusi na mpole karibu mwaka mzima. Usiku wa kuamkia Aprili 24, 2024 haukuwa mpole. Tulikuwa hapo chini, mama, mdogo wangu na mimi. Maji yalifika magotini tukidhani yataacha, yakafika kiunoni, tukapanda kwa jirani mwenye ghorofa tukiwa tumeshika blanketi moja na sufuria. Sijui kwa nini sufuria. Godoro lilienda, mtungi wa gesi ukaenda, sare ya mdogo wangu ikaenda. Mwezi uliofuata tingatinga zikaja kumalizia: kila kilichokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni kibomolewe. Serikali ikaahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyobomolewa. Tangu hapo tumekuwa tukibanana kwa shangazi Mathare North, na ukiwahi kukaa kwa shangazi zaidi ya mwezi mmoja unajua vile vikombe huanza kuwekwa mezani kwa kelele.

Sasa mama anataka kurudi mahali palepale.

"Mathe, si unajua ile kitu ilitufanyia?" nikamwambia.

"Naijua. Lakini siku ikifika imefika. Hata Runda watu wanakufa."

Nilikata simu nikiwa nimeudhika vibaya. Na badala ya kwenda kumtafuta tukae chini tuongee kama watu wazima, nikafanya kitu cha ajabu kidogo. Nilienda kutafuta shairi.

Iko hivi. Kabla karo initoe chuoni nikiwa mwaka wa pili, tulikuwa na somo la fasihi ya Kiswahili na tukaambiwa tusome Al-Inkishafi. Nilitoa fotokopi, nikasoma beti kama kumi, nikaona lugha ni ngumu, nikaiweka kwenye boksi la vitabu nikisema nitarudi. Boksi ndilo mto uliondoka nalo. Kitu pekee nilichokumbuka ni kwamba lilikuwa shairi la mtu anayezungumza na moyo wake kuhusu nyumba zilizoangamia. Mama aliposema siku ikifika imefika, kitu kikaniambia yule mtu wa Pate alikuwa na jibu, na mimi nilikuwa nimeliacha likisubiri kwenye boksi.

Ushairi shuleni tulifundishwa kuuhesabu. Mizani mangapi, vina vipi, bahari gani. Unahesabu kama konda anavyohesabu sarafu jioni, ukimaliza hujui abiria walikuwa akina nani. Kwa hivyo nilitoka Mathare nikakatiza Eastleigh kwa miguu hadi Majengo, Pumwani, kwa mzee mmoja mwenye asili ya Lamu ambaye huuza kahawa chungu jioni na ambaye jamaa zangu wa mpira husema anajua tenzi. Ni kweli anajua. Nilipomtajia Al-Inkishafi aliweka birika chini.

"Wewe mwanangu, umefiwa?"

"Hapana mzee. Mama anataka kuhamia karibu na mto."

Akacheka, halafu akaona sicheki.

Tumekaa naye jioni tatu. Ana nakala iliyochakaa, na lugha yake mwenyewe iko karibu na ya shairi: njia kwake ni ndia, macho ni mato, juu ni yuu. Anasoma beti, anasimama, anamimina kahawa kwa mteja, anarudi palepale bila kutafuta mstari. Mimi naandika kwenye simu.

Hili ndilo nililolipata. Mji wa Pate uko kwenye kisiwa cha Pate, kwenye visiwa vya Lamu. Karne ya 18 ulikuwa juu sana. Ulikuwa na watawala wa ukoo wa Nabahani, biashara ya bahari, nyumba za mawe zenye vidaka ukutani vya kupangia sahani kutoka China. Ulikuwa pia mji wa washairi. Ni huko Mwengo wa Athumani alitunga Utendi wa Tambuka mwaka 1728, mojawapo ya tenzi kongwe tulizo nazo kwa maandishi, zaidi ya beti elfu moja za vita kati ya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi. Halafu Pate ikaanza kujila yenyewe kwa vita vya kugombea kiti. Mwanzoni mwa karne ya 19 Lamu ikawapiga Pate na wenzao wa Mombasa kule Shela, na mji haukuinuka tena. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi karibu na miaka hiyo, wataalamu wengi husema kati ya 1810 na 1820. Ni shairi fupi, beti chini ya mia moja, na mistari yake ni mirefu kuliko ile ya mizani nane ya utenzi wa kawaida. Mwalimu wangu wa zamani angesema si utenzi hasa. Sawa. Lakini linabeba mzigo uleule wa tenzi za dini: mwanadamu, anachokijua na kitakachompata.

Jina lenyewe lina maana ya kufunuliwa, kitu kilichokuwa kimefunikwa kuonekana wazi. Na anachofanya mshairi ni kuushika moyo wake mkono kama mtoto mkaidi na kuutembeza kwenye magofu. Hapa waliishi matajiri. Taa za kioo na shaba zilifanya usiku kuwa mchana. Sasa kwenye vidaka vya sahani wanalala makinda ya ndege, mende wanavuma vyumbani, bundi analia ndani ya nyumba. Kutoka kwenye nyumba anaupeleka moyo kaburini, na kutoka kaburini hadi kwenye moto, akiutaja kwa majina yake. Hakuna pole hata moja. Nilitarajia shairi la kufariji, nikapata mtu anagomba.

Jioni ya pili ndipo niliuliza swali lililokuwa linanikera. Kama kila kitu kimeandikwa, siku ya kila mtu imepangwa, kugombeza moyo kuna faida gani? Si moyo unaweza kujibu tu kama mama, kwamba siku ikifika imefika?

Mzee akanirudishia swali. "Kwenu kanisani, Adamu alikula tunda la nini?"

"La mti wa ujuzi wa mema na mabaya."

"Sisi hapana."

Na hapo, wasee, ndipo kichwa changu kilifunguka. Mimi nimelelewa kanisa la mabati, na nilikuwa naamini hadithi ni moja. Katika Biblia mti uliokatazwa ni wa ujuzi. Mtu alitaka kujua, akaadhibiwa. Katika Kurani ujuzi unakuja kwanza. Mungu anamfundisha Adamu majina ya vitu vyote, malaika wanaulizwa majina hayo wanashindwa, Adamu anayataja. Kwa hivyo mtu anaingia bustanini akiwa tayari anajua. Iblis anapomjia hamuuzii elimu. Anamuuzia mti wa kuishi milele na ufalme usiochakaa. Na Kurani, katika Sura Taha, inasema Adamu alisahau.

Soma tena hapo. Alikuwa ameambiwa wazi, akasahau, kwa sababu kuna mtu alimwahidi nyumba isiyozeeka.

Nilirudi nyumbani usiku huo nikatafuta kwenye simu habari za John Milton, yule Mwingereza kipofu aliyesomewa na kuandikiwa na wengine mpaka akatoa Paradise Lost mwaka 1667, utenzi mkubwa wa Kiingereza kuhusu Adamu na Hawa. Yeye anafuata ule mti wa Biblia. Lakini hata kwake, malaika Rafaeli anatumwa kumwonya Adamu kabla ya kosa, na baada ya kosa Mikaeli anampandisha mlimani amwonyeshe yatakayowapata watoto wake. Kwa hivyo hata huko Uingereza hakuna aliyeanguka kwa kukosa habari. Kule kwa Mwengo pia, Herekali anaandikiwa barua, anaitwa kwa maneno yanayoeleweka, anakataa, vita vinakuja. Tenzi hizi zimejaa watu waliopewa taarifa mapema.

Sasa rudi kwa Sayyid Abdallah. Matajiri wa Pate walinunua hasa kile Iblis alichokuwa anauza bustanini, ufalme usiochakaa, kwa mawe na sahani. Na moyo wa mshairi umeyaona magofu kwa macho yake, unajua, halafu unaendelea kuishi kana kwamba haujui. Ndiyo maana anaugombeza. Mtu asiyejua humgombezi, unamfundisha.

Mzee alikuwa na lake la kuongeza kuhusu majaliwa. Alinikumbusha hadithi ya Mtume, ile ya bedui aliyeuliza kama amwache ngamia bila kamba amtegemee Mungu, akaambiwa amfunge kwanza ndipo ategemee. "Siku ni ya Mungu," mzee akasema, "kamba ni yako." Halafu akanipa neno moja la kutembea nalo: ajali. Sisi tunasema ajali tukimaanisha matatu imegonga lori. Kwa Kiarabu lilikotoka neno ni muda uliowekwa, siku ya mtu kuondoka duniani. Kwa hivyo methali ajali haina kinga ina nyuso mbili. Ukiisoma kwa macho ya washairi wa zamani, inakwambia siku yako huwezi kuizuia, kwa hivyo jitayarishe. Ukiisoma imebandikwa kwenye matatu isiyo na breki, inakwambia dereva asiulizwe.

Nairobi tumeizoea hiyo ya pili. Kila mazishi lazima mtu asimame aseme kazi ya Mungu haina makosa. Nimeisikia ikisemwa 2016, jengo la ghorofa lilipoanguka Huruma usiku wa Aprili 29 baada ya mvua kubwa, karibu na mto huuhuu wetu. Watu wapatao 50 walikufa. Baada ya siku kadhaa mtoto mchanga alitolewa kwenye kifusi akiwa hai, na mtaa mzima ukamshukuru Mungu, nami nikashukuru, nilikuwa bado shule. Lakini pia ilitangazwa kwamba jengo lile lilikuwa limeshaonekana si salama na lilitakiwa kubomolewa. Taarifa ilikuwepo. Watu waliendelea kulipa kodi na kupanda ngazi zake. Ukisema hapo kazi ya Mungu haina makosa umesema kweli, ila umemsitiri mtu fulani nyuma ya Mungu.

Basi nikawa na silaha zangu. Moyo unaojua na kujisahaulisha: huyo ni mama. Jumamosi nikateremka Bondeni kumsaidia kuhamisha vitu, nikiwa nimepanga hotuba njia nzima.

Nilimkuta anapima. Ukuta wa chumba ni mabati yaliyotumika, na kuna mstari wa matope uliokauka, juu kidogo ya kifua changu. Ni alama ya Aprili ile. Mama alikuwa amepigilia msumari viganja viwili juu ya ule mstari na kutundika mfuko wa plastiki uliofungwa mara mbili. Ndani: kitambulisho chake, vyeti vya kuzaliwa, daftari la chama, na cheti changu cha fomu foo ambacho mimi mwenyewe nilidhani kilienda na maji. Alikuwa nacho siku zote.

"Njoo hapa," akamwambia mdogo wangu, ambaye yuko Gredi ya 8 na alikuwa anacheza na simu yangu. "Maji yakifika kizingiti, usingoje mimi kama niko kazi. Unashika huu mfuko, unapitia kwa Mama Mkaa, si kwa daraja. Daraja ndio huenda kwanza. Usirudi kuchukua kitu. Hata viatu. Sema tena nisikie."

Mdogo wangu akasema tena, neno kwa neno, akiangalia dari.

Nilikaa juu ya mtungi nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka shairi lingine. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka wa Siu. Alimwita binti yake aketi karibu na wino na karatasi. Kuna mengi mle kuhusu kumtii mume ambayo mabinti wa mtaani kwetu wangeyarusha nje ya dirisha, na sitawalaumu. Lakini lile tendo lenyewe ni la mtu anayejua siku yake iko njiani na hana uwezo wa kuihamisha, na anachofanya na huo ujuzi ni kumwachia mtoto maelekezo. Mwaka wa 1858 ilikuwa karatasi. Bondeni ni mfuko wa plastiki na msumari.

Hotuba yangu ilikuwa imeshakufa lakini nikajaribu hata hivyo. Nikamwambia kuhusu moyo unaojua na kusahau.

"Nani amesahau?" akaniuliza. "Hii mto naijua kuliko wewe. Hapo juu chumba ni elfu tano. Nikifua nguo Pangani napata mia tano, siku zingine hakuna kazi. Toa shule ya huyu, toa chakula, niambie inabaki ngapi. Wewe unaongea kama mtu ako na mahali pengine."

Sikuwa na jibu, na msomaji, hata sasa ninapoandika sina. Nilikuwa nimemkalisha mama kwenye kiti ambacho Sayyid Abdallah alikitengeneza kwa ajili ya watu wenye vidaka vya sahani. Wale walisahau kwa sababu walishiba. Mama hajasahau hata sentimita moja. Ameupima mstari wa matope kwa viganja. Anayestahili kutembezwa kwenye magofu kwa mkono ni yule mwenye jengo la Huruma, na mwenye afisi aliyekuwa na karatasi ya kulibomoa kwenye droo, na labda mwenye mabati haya anayekodisha mita chache kutoka mtoni huku yeye mwenyewe hakai hapa. Sidhani wanasoma Al-Inkishafi. Sidhani pia kwamba mama akisema siku ikifika imefika anamaanisha kile nilichodhani. Yeye ameshafunga ngamia kwa kamba aliyonayo. Kamba ni fupi.

Bado sitaki akae pale. Nimemwambia nitaongeza elfu moja kila mwezi kutoka kwa vibarua vyangu vya kuandika, labda kufikia mvua za Machi tutakuwa tumepata kitu cha elfu tatu na nusu huko juu. Akasema tutaona.

Jioni, stima zilipopotea kama kawaida, akaniomba nimsomee hicho kitu kilichonifanya niende Majengo jioni tatu nikinywa kahawa ya watu. Nikamsomea kutoka kwenye simu nilivyokuwa nimeandika, nikimfasiria ndia na mato. Mdogo wangu alilala kwenye kumbi za matajiri. Mama alisikiliza mpaka mwisho wa zile nyumba, taa zilizozimika, bundi.

"Na hizo taa," akasema gizani, "nani alikuwa anaziwasha?"

Nikarudi nyuma kwenye maandishi. Kuna mahali watumishi wanatokea, wanawakanda mabwana na kuwapepea ili walale. Nikamwambia hivyo.

"Na nyumba zilipoanguka walienda wapi?"

Nikatafuta tena mpaka betri ikabaki asilimia nne. Hawatajwi tena.

"Itakuwa walihamia karibu na mto," mama akasema, akawasha mshumaa.